Arifa haitoki simu hadi simu: njia yake kupitia seva, na inakopotelea

Chukua mfumo wenye programu mbili, moja ya abiria na nyingine ya dereva. Abiria akibonyeza "Omba gari", simu ya dereva inatakiwa ilie ndani ya sekunde chache, hata ikiwa iko mfukoni na skrini imezimika. Anayejenga mfumo wa namna hii kwa mara ya kwanza karibu kila mara huuliza: niandike nini kwenye programu ya abiria ili itume arifa kwenye programu ya dereva?

Hakuna cha kuandika. Programu ya abiria haimtumii dereva arifa yoyote. Hata seva yako, ukiitazama vizuri, haigusi simu ya dereva. Inapeleka ombi kwa kampuni iliyotengeneza mfumo endeshi wa simu ile, na kampuni hiyo ndiyo inayofikisha, ikitaka na inapotaka. Matatizo mengi ya arifa yanayowakosesha watu usingizi chanzo chake ni kusahau kwamba kuna huyu mtu wa tatu katikati.

Kwa nini yupo? Simu haina anwani ya kudumu kwenye intaneti. Ikitumia data ya kampuni ya simu, kwa kawaida inagawana anwani moja na wateja wengine wengi. Ikiingia kwenye Wi-Fi, anwani inabadilika. Mitandao hiyo inairuhusu simu kuanzisha mawasiliano na seva ya nje, lakini haimruhusu mtu wa nje kuanza kuitafuta simu. Kwa hiyo muunganisho lazima uanzishwe na simu yenyewe na ubaki wazi. Hapo ndipo suala la betri linapoingia. Kama kila programu ingeshikilia muunganisho wake, au ingekuwa inaiuliza seva yake kila nusu dakika kama kuna jipya, redio ya simu isingepata nafasi ya kulala na chaji ingeisha kabla ya jioni.

Ufumbuzi ukawa kuuachia mfumo endeshi kazi hiyo: muunganisho mmoja tu, unaotumiwa na programu zote. Apple ilianza Juni 2009, pamoja na iPhone OS 3.0, kwa huduma ya Apple Push Notification service, ambayo wengi huiita APNs. Google ilifuata mwaka 2010 kwenye Android 2.2, ikaibadilisha huduma yake mwaka 2012, kisha 2016 ikaleta Firebase Cloud Messaging, yaani FCM, inayotumika mpaka leo. Simu ya iPhone huzungumza na Apple kupitia poti 5223 (poti ni mlango wenye namba unaopitisha mawasiliano), na ya Android huzungumza na Google hasa kupitia poti 5228. Zote zinaweza kupitia 443 inapobidi. Ukiambiwa kwamba arifa haziingii mtu akiwa kazini lakini akifika nyumbani zinamiminika kwa pamoja, anza kuchunguza kama mtandao wa kazini umezifunga poti hizo, kabla hujagusa msimbo wako.

Ukichagua FCM, seva yako haihitaji kujifunza lugha mbili. Unaipa Firebase, jukwaa la Google lenye FCM ndani yake, ufunguo wako wa Apple, na ujumbe unaoelekea iPhone Google inaukabidhi kwa APNs kwa niaba yako. Faida yake ni wepesi. Hasara ni kwamba umeongeza kituo kimoja zaidi njiani. Simu za Huawei zisizo na huduma za Google haziguswi na njia hii kabisa. Zina huduma yao, Push Kit, na kama watumiaji wako wanazo, itabidi uihudumie kando.

Tokeni ni ya programu, si ya mtu

Mtu wa tatu anaijuaje simu ya dereva? Kwa tokeni. Programu inapofunguliwa mara ya kwanza inajisajili, kisha inarudishiwa mfuatano mrefu wa herufi na namba. Hiyo ndiyo tokeni, na kazi ya programu ni kuipeleka kwenye seva yako ili ihifadhiwe. Tokeni haiwakilishi mtu, wala namba ya simu. Inawakilisha programu fulani, ilivyosakinishwa kwenye kifaa fulani. Dereva mwenye simu mbili ana tokeni mbili. Akiiondoa programu na kuisakinisha upya, anapata nyingine. Akifuta data ya programu au akihamia simu mpya, vivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo, kuweka safu moja ya "tokeni" kwenye jedwali la watumiaji ni kujitafutia taabu. Tengeneza jedwali la vifaa peke yake: tokeni, mtumiaji anayeitumia sasa, ni programu ipi kati ya zile mbili, ni iPhone au Android, na lini ilionekana mara ya mwisho. Halafu weka sharti kwamba tokeni haiwezi kuwa na wamiliki wawili kwa wakati mmoja. Sharti hilo linaonekana dogo, lakini fikiria dereva anayemaliza zamu yake, anatoka kwenye akaunti, na kumkabidhi mwenzake simu ileile. Mwenzake anaingia kwa akaunti yake. Tokeni haijabadilika, kwa kuwa programu ni ileile na kifaa ni kilekile. Kama seva imeongeza mstari mpya bila kuondoa ule wa zamani, kuanzia hapo dereva wa pili atapokea pia arifa za wa kwanza. Kwenye usafiri hilo ni kero. Kwenye programu ya benki au ya kliniki ni siri ya mtu imevuja. Basi mtumiaji anapotoka kwenye akaunti, programu iiambie seva ifute uhusiano ule, na tokeni iliyokwishasajiliwa ikija na jina jipya, seva ihamishe umiliki badala ya kuongeza.

Programu mbili zinaleta swali jingine ambalo mafunzo mengi hayaligusi: ziwekwe kwenye mradi mmoja wa Firebase au miwili? Weka mmoja. Tokeni hufungwa na mradi ulioitoa, na seva yenye kibali cha mradi mwingine ikijaribu kuitumia hurudishiwa kosa la 403 linalosema mtumaji halingani. Ukiziweka pamoja, kibali kimoja kinatosha kumfikia abiria na dereva pia, na safu ile ya "programu ipi" ndiyo inayokuzuia kumpelekea abiria ujumbe uliomhusu dereva, hasa pale ambapo mtu mmoja anatumia programu zote mbili kwenye simu moja.

Tokeni pia huzeeka. Kwenye Android, kifaa kisipounganika na FCM kwa siku 270, Google huihesabu tokeni yake kuwa imekwisha muda. Mtu akiondoa programu, hutaarifiwa. Utagundua siku utakapotuma, pale FCM itakapojibu 404 (haipatikani) au, kama unazungumza na Apple moja kwa moja, 410 (haipo tena). Majibu hayo si hitilafu ya kujaribu tena baadaye. Ni ishara ya kuufuta mstari ule papo hapo. Seva zinazoyapuuza hubaki zikituma maelfu ya arifa kwenye simu ambazo hazina tena programu, na takwimu zao za ufikishaji hazielezi chochote.

Na kuna tokeni iliyo hai kabisa isiyoonyesha kitu. iPhone tangu zamani huomba ruhusa ya mtumiaji kabla ya kuonyesha arifa. Android ilianza kuomba kwa programu zote kuanzia toleo la 13, mwaka 2022. Mtumiaji akikataa, tokeni inaendelea kutolewa kama kawaida. Seva inatuma, inajibiwa vizuri, na skrini ya dereva inabaki kimya. Kwa hiyo programu ipeleke na hali ya ruhusa kila inapofunguliwa. Vinginevyo utatumia siku nzima ukichunguza seva isiyo na kosa.

Abiria amebonyeza

Sasa tuifuate arifa yenyewe. Programu ya abiria inapeleka ombi la kawaida la HTTPS kwenye seva yako: natoka hapa, naenda pale. Angalia kwamba haijataja arifa. Haijasema imtumie nani, wala maneno gani. Mimi ni mkali kwenye jambo hili. Nimeona seva zenye njia inayopokea "mtumiaji" na "maneno" kutoka kwenye simu na kuyapeleka yalivyo, na huko ni kumpa kila mwenye akaunti uwezo wa kumwandikia mtumiaji yeyote ujumbe unaoonekana umetoka kwako. Simu iseme kilichotokea. Seva ndiyo iamue nani aambiwe na kwa maneno gani.

Seva inathibitisha abiria ni nani, inaandika safari kwenye hifadhidata, inachagua madereva walio karibu, kisha inaweka kazi ya kutuma arifa kwenye foleni na kumjibu abiria hapohapo. Usitume arifa ndani ya ombi la abiria. Siku Google itakapochelewa kujibu, abiria atabaki akitazama duara linalozunguka kwa jambo lisilomhusu.

Mfanyakazi wa foleni, yaani programu ya upande wa seva inayotekeleza kazi zilizopangwa humo, anaichukua kazi ile. Kwanza anahitaji kibali: kwa kutumia faili la ufunguo wa akaunti ya huduma (akaunti ya Google inayotumiwa na seva, si mtu), anaomba tokeni ya muda mfupi, inayodumu saa moja. (Hii ni tokeni nyingine, si ile ya kifaa. Majina yanagongana na wengi huchanganyikiwa hapa.) Kisha kwa kila kifaa anatuma kitu kama hiki:

{
  "message": {
    "token": "TOKENI_YA_KIFAA_CHA_DEREVA",
    "notification": {
      "title": "Safari mpya",
      "body": "Fungua uone abiria alipo"
    },
    "data": {
      "aina": "safari_mpya",
      "safari_id": "48213"
    },
    "android": {
      "priority": "HIGH",
      "ttl": "30s"
    }
  }
}

Mzigo wote haupaswi kuzidi baiti 4096, na kila thamani ndani ya "data" lazima iwe maandishi, hata kama ni namba. Ndiyo maana 48213 imewekewa alama za nukuu. Sehemu ya "notification" ni ya mfumo endeshi: programu ikiwa imefungwa, mfumo unaichora arifa wenyewe bila kuiamsha programu. Sehemu ya "data" ni ya programu. Ukituma "data" peke yake, Android itaiamsha programu yako ili ijiamulie cha kufanya, ila iPhone itaihesabu kuwa arifa ya kimyakimya, na hizo Apple huzibana sana. Ushauri wake ni kutozidisha mbili au tatu kwa saa, na mtumiaji akiwa ameifunga programu kwa kuitelezesha juu, hazifiki kabisa. Anayejenga mfumo kwa kujaribia kwenye Android peke yake hukutana na ukuta huu wiki ya mwisho.

Sasa tazama ile "30s" ya "ttl", yaani umri wa ujumbe. Bila kuiandika, FCM huutunza ujumbe hadi wiki nne ikisubiri simu irudi hewani. Kwa ujumbe wa mazungumzo ni sawa. Kwa ombi la gari ni kichekesho: dereva anawasha simu asubuhi na kulakiwa na abiria wa jana usiku. Kila aina ya arifa iwe na umri wake, na umri huo unatokana na kazi yenyewe. Ombi la safari nusu dakika, risiti siku kadhaa, msimbo wa kuingilia dakika zilezile ambazo msimbo wenyewe unakubalika. Upande wa iPhone, umri huwekwa kwenye kichwa cha "apns-expiration" ndani ya sehemu ya "apns", ambayo nimeiacha hapo juu ili mfano usiwe mrefu.

Kipaumbele nacho kina hesabu yake. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia bila kuguswa huingia kwenye usingizi mzito, na ujumbe wa kipaumbele cha kawaida husubiri mpaka iamke. "HIGH" huiamsha. Kishawishi ni kuandika "HIGH" kila mahali, hata kwenye matangazo, lakini Google huangalia: programu inayotuma ujumbe wa kipaumbele cha juu usiozaa arifa inayoonekana kwa mtumiaji inaweza kushushwa daraja, na siku ya ombi la kweli kuamsha simu kukakataliwa.

Jibu la 200 na maana yake

FCM inajibu 200, yaani ombi limekubaliwa, na kukupa kitambulisho cha ujumbe. Hapo wengi huandika kwenye hifadhidata "imefikishwa". Hapana. Imepokelewa na Google. Simu inaweza kuwa imezimwa. Mtumiaji anaweza kuwa ameisimamisha programu kwa nguvu kwenye mipangilio, na Android haitaipa ujumbe mpaka aifungue tena mwenyewe. Watengenezaji kadhaa wa simu wana mbinu zao za kuokoa betri zinazoua programu bila huruma, na dawa yake mara nyingi ni kumwelekeza mtumiaji aitoe programu yako kwenye orodha ya zinazobanwa.

Kwa hiyo mfumo mzima upangwe kana kwamba arifa yoyote inaweza kupotea, kuchelewa, au kufika mara mbili. Arifa ni hodi tu mlangoni. Habari yenyewe iko kwenye seva. Programu ya dereva ikipokea safari_id, iende ikaiulize seva: safari hii bado ipo? Na hata kama hakupokea chochote, akiifungua programu kwa hiari yake, iulize kama kuna kinachomsubiri. Mfumo uliojengwa hivi ukipoteza arifa, unachelewa. Ule unaobeba hali ya safari ndani ya arifa ukipoteza moja, abiria na dereva wanakuwa wanaona mambo mawili tofauti.

Mfano wa karibu: arifa imekwenda kwa madereva watano, wawili wanabonyeza "Kubali" kwa wakati mmoja. Simu zao haziwezi kuamua, na arifa ya kuwaambia wengine kwamba safari imechukuliwa itachelewa vyovyote vile. Seva ndiyo mwamuzi. Ibadilishe safari kwa sharti moja tu, kwamba bado haina dereva, na hifadhidata itamkubalia mmoja. Wa pili anajibiwa kwamba amechelewa. Arifa ya "imechukuliwa" inabaki kuwa ya kusafisha skrini za wengine.

Unapotaka kujua kama arifa ilifika, programu yenyewe itume taarifa kwenye seva inapoipokea. Isipotuma ndani ya muda uliopanga, seva ijaribu dereva mwingine, au itume ujumbe mfupi wa simu kama jambo ni zito. Na programu ikiwa wazi mbele ya macho ya mtumiaji, usitegemee arifa hata kidogo. Tumia muunganisho wa moja kwa moja kati yake na seva yako, ambao una kasi zaidi na haumtegemei mtu wa tatu.

Arifa zinazorudiana, kama "dereva yuko dakika tano", kisha "nne", kisha "tatu", ziunganishwe kwa ufunguo mmoja wa kukunja, ili simu iliyokuwa nje ya mtandao ipokee ya mwisho peke yake. FCM inaruhusu funguo nne tofauti za aina hiyo kwa kifaa kwa wakati mmoja. Zisizokunjwa, inazihifadhi hadi 100. Zikizidi hapo, inazitupa zote na kuitaarifu programu kwamba zimetupwa. Taarifa hiyo ni ya kusikilizwa, kwa sababu maana yake ni moja: nenda kwenye seva ukachukue kila kitu upya.

Makosa yanayostahili kurudiwa ni hasa yale ya 429 (maombi yamezidi) na 503 (huduma haipatikani kwa sasa). Subiri muda ulioelekezwa kwenye jibu, na kila ukishindwa tena, ongeza muda wa kusubiri huku ukichanganya na nasibu kidogo, la sivyo wafanyakazi wako wote watarudi mlangoni sekunde ileile.

Ufunguo, na macho ya watu wa kati

Ukitafuta mafunzo ya zamani, utakuta yanayoonyesha simu ikituma arifa kwa simu nyingine bila seva yoyote, kwa kuweka ufunguo wa FCM ndani ya programu. Ilifanya kazi. Lakini faili la programu ya Android hufunguliwa kirahisi, na mwenye ufunguo ule aliweza kuwatumia watumiaji wote ujumbe wowote. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaachana na mfumo ule wa funguo za kudumu, na 2024 ikaanza kuufunga. Faili la akaunti ya huduma lililochukua nafasi yake ni nyeti vivyo hivyo. Makao yake ni kwenye seva, nje ya hazina ya msimbo.

Hata ukiilinda seva yako vipi, maneno ya arifa yanapita mikononi mwa Google au Apple. Desemba 2023 seneta wa Marekani Ron Wyden aliiandikia Wizara ya Sheria ya nchi hiyo akieleza kwamba serikali za nje zilikuwa zikizidai kampuni hizo kumbukumbu za arifa za watu. Kumbukumbu hizo, hata bila maneno yenyewe, zinaonyesha programu gani ilipokea arifa na saa ngapi. Saa huwezi kuificha kirahisi. Maneno unaweza: tuma kitambulisho peke yake, na programu iyachukue maneno kwenye seva yako. Au yatume yakiwa yamesimbwa. Kwenye iPhone kuna kiendelezi maalumu cha programu kinachopewa takriban sekunde 30 kuyafumbua kabla arifa haijaonyeshwa. Muda huo ukipita, mfumo unaonyesha maneno ya awali uliyotuma, kwa hiyo hapo pawekwe kitu kisichofichua lolote, kama "Una ujumbe mpya".